Gari Hununuliwa Mara Moja, Hulipiwa Miaka Kumi

Anayetaka gari huuliza kwanza linauzwa pesa ngapi. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza litamla pesa ngapi hadi siku atakapoliuza, na hapo ndipo penye hesabu yenyewe.

Tuchukue Nairobi. Gari dogo la petroli mjini hula takriban lita 8 kwa kilomita 100. Lita ikiwa Sh180, hizo ni Sh1,440. Gari la umeme la ukubwa huo hula yuniti 17 hivi kwa mwendo uo huo. Ukilichaji nyumbani kwa Sh30 kwa yuniti, umelipa Sh510. Tena mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu ya stima ya kuchajia magari: ilianza kwa Sh16 kwa yuniti kabla ya kodi na tozo, na nusu yake saa ambazo matumizi ya umeme yamepungua, hasa usiku.

Kisha kuna gereji. Pita Kirinyaga Road utazame: fundi kalala chini ya gari, oili nyeusi inachuruzika kwenye mtungi uliokatwa ubavu, na kando yake, juu ya gunia, kuna filta kuukuu, plagi nne na mkanda ulioanza kupasuka. Gari la umeme halina hata kimoja cha kubadilishwa hapo. Breki zake nazo hudumu, kwa sababu ukiinua mguu, mota yenyewe hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Tairi ndizo huwahi kuisha, maana betri ni nzito.

Mbona basi barabara zetu bado zimejaa petroli? Jibu nililolifikia linanihuzunisha. Gari la umeme hudai pesa zako siku ya kwanza. La petroli huzidai kidogo kidogo, maisha yake yote. Vivyo hivyo, anayenunua mafuta ya kupikia ya kupimiwa kila jioni hulipa zaidi kwa lita kuliko anayebeba mtungi wa lita 20. Hesabu anaijua vizuri. Ni vile pesa za mtungi hazijawahi kukutana mfukoni mwake. Hata ile stima nafuu ya usiku humfaa mwenye mita na geti lake. Mpangaji wa ghorofa ya nne, anayeegesha nje ya ploti, atateremsha waya kutoka wapi? Hivyo aliye na uwezo hupata maisha ya bei nafuu, na asiye nao huuziwa yale ya ghali.

Ndiyo maana nawaheshimu waliofikiria kugawanya mzigo huo. Kampuni ya Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 na pikipiki za umeme ambazo dereva wake hanunui betri: ikiisha anaingia kituoni, anabadilishiwa nyingine, analipa, anaondoka. Mwaka 2022 BasiGo ilileta mabasi ya umeme Nairobi, mwenye basi akilipia betri na chaji kulingana na kilomita alizotembea. Kijana mmoja wa bodaboda mtaani kwetu aliyehamia umeme aliniambia, "Mzee, siku hizi jioni nabaki na kitu." Hicho "kitu" ni karo, ni kodi ya nyumba.

Ila tusidanganyane. Nissan Leaf za mwanzo, zinazotujia kama mtumba kutoka Japani, betri zake hazina mfumo wa kupoozwa kwa maji, na joto huzichosha. Kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Vikiwa vimebaki saba au nane, ile bei ya chini uliyoishangilia ni deni linalokungoja. Vitazame kabla hujatazama rangi na viti.

Kwa wakuu wa Sacco zetu nina ombi. Mnakopesha watu kununua magari kwa kutazama bei ya yadi peke yake. Tazameni pia kile mwanachama atakachookoa kila mwezi kwenye petroli na gereji, mkikihesabu kama uwezo wa kulipa, na mumpe miaka ya kutosha. Nawe unayepanga kununua, la umeme au la petroli, chukua karatasi uandike gharama za miaka minane, moja baada ya nyingine, kabla hujatia sahihi.