Je, goblini naye ana mama?

Mtoto akileta mchezo mpya nyumbani, wazazi wengi huuliza mambo mawili: bei yake, na kama una mambo ya kishetani. Ni maswali halali. Lakini lipo la tatu ambalo kwangu lina uzito zaidi: mchezo huo unamfundisha mtoto kumwona nani kuwa adui?

Nililipata swali hili kwa mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 13 anayeishi na wazazi wake Marekani. Alipokuja Dar es Salaam likizo, begi lake lilikuwa na kitabu kinene na dadu lenye pande 20. Mchezo unaitwa Pathfinder. Hauhitaji runinga. Watu huketi mezani, kila mmoja huwa mhusika, na mmoja wao husimulia yanayotokea. Ukitaka kuruka ukuta, unarusha dadu, namba inaamua.

Jioni moja alitukalisha, mimi na binamu zake watatu. "Mama mdogo, wewe utakuwa tabibu," akaniambia. Tukaingia pangoni kupigana na magoblini, viumbe wafupi wenye vichwa vikubwa na meno makali, wanaopenda moto na kuogopa mbwa. Hawaandiki, kwa sababu wanaamini maandishi humwibia mtu maneno kichwani. Watoto walicheka sana. Tukashinda. Ndani zaidi tukakuta vitoto vya goblini vimejificha nyuma ya mapipa.

Binti wa miaka tisa akauliza, "Na hawa tuwaue? Mama yao si ndiye yule tuliyempiga?"

Meza nzima ilinyamaza.

Swali hilo wachezaji wameulizana kwa miaka mingi. Mchezo ulioanzisha aina hii, Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitoka mwaka 1974. Kitabu chake cha viumbe cha mwaka 1977 kilimwandika goblini kuwa mwovu. Si goblini fulani aliyetenda ubaya, bali goblini kama goblini. Ukimuua, unapata pointi.

Mambo yakabadilika polepole. Mwaka 2004 ulitoka ulimwengu wa Eberron, ambamo magoblini waliwahi kuwa na dola kubwa, na miji ya binadamu imejengwa juu ya magofu yao. Mwaka 2019 toleo la pili la Pathfinder likamweka goblini katika kitabu kikuu, miongoni mwa jamii sita ambazo mchezaji anaweza kuchagua awe mmoja wao, sawa na binadamu.

Sisi tulibeba vile vitoto hadi kijiji cha jirani. Msimulizi wetu akasema wanakijiji wamefunga lango. Muda wote uliobaki hakuna aliyeshika upanga. Watoto walikuwa wakibembeleza lango lifunguliwe.

Mimi naandika habari za afya. Nimekaa na akina mama wanaowaficha ndani watoto wenye kifafa. Mtoto akianguka, jirani husema ana mapepo. Wenzake huambiwa wasimguse, eti povu litawaambukiza. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakiambukizi, na wengi wanaotumia dawa ipasavyo huacha kuanguka. Lakini mara nyingi jina hufika kabla ya dawa. Akishaitwa "yule wa mapepo", hakuna anayeuliza anapenda somo gani au kwa nini haji shule. Lango limefungwa.

Sisemi mchezo utatibu hilo. Nasema mtoto aliyezoea kuuliza "mama yake yuko wapi?" kuhusu kiumbe wa kubuni, huenda akauliza hivyo hivyo kuhusu mtoto wa mtaa wa pili.

Basi, mzazi, kabla ya kuupiga marufuku mchezo au kuuacha tu kwa sababu mtoto ametulia, kaa naye mara moja, iwe ni dadu, simu au katuni. Muulize, "Adui yako ni nani, na amekukosea nini?" Akikujibu kwamba wale ndivyo walivyo, usimgombeze. Vuta kiti, mwulize amejuaje.