Chumba cha Kumi kwa Kumi

Chumba cha mraba kina kona nne, na kila kona ni digrii 90. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. Ukitaka kusimama kwenye kona moja upige picha inayoonyesha kuta mbili nzima, kutoka kwenye bega lako hadi mwisho, lenzi yako lazima ione angalau digrii 90 kwa upana. Ikiona 80, kuna kitu kitabaki nje. Kwenye nyumba za watu wenye pesa hilo si tatizo. Unarudi nyuma hatua tatu, unaingia korido, unapiga. Kwenye chumba cha futi 10 kwa 10, nyuma yako kuna ukuta. Hakuna kurudi.

Lenzi inayokuja na kamera nyingi za Canon za bei nafuu, ile ya milimita 18 hadi 55, huona kama digrii 64 hata ukiifungua hadi mwisho. Nimepiga nayo chumba cha mama huko Dandora kwa miaka minne, na kila picha ina kipande tu: kitanda bila meza, meza bila jiko, jiko bila lile shiti tulilotundika kutenganisha pa kulala na pa kupikia. Ukizipanga zote mezani utadhani ni nyumba za watu sita tofauti.

Mwezi wa Februari mwenye ploti alileta notisi. Anabomoa, anajenga gorofa. Ploti ina vyumba 10 vinavyozunguka ua mmoja, mfereji mmoja, choo kimoja, na kila mtu alipewa hadi mwisho wa Aprili. Mama ameishi namba sita miaka 23. Mimi na ndugu zangu wawili tumelelewa humo. Hakulia, wala hakumtukana mtu. Zilipobaki wiki sita aliniambia, “Baba,” maana huniita baba, nimebeba jina la babake, “kabla hawajavunja nipigie hii nyumba picha. Yote. Si vipande vipande.”

Ndio nikaanza kutafuta lenzi pana.

Sasa, hapa ndipo watu hupotelea. Namba iliyoandikwa kwenye lenzi ni ya lenzi, si ya picha utakayopata. Milimita 17 ni 17 popote utakapoifunga, lakini upana wa picha unategemea sensa iliyo nyuma yake (sensa ya kamera, si ile ya kuhesabu watu). Kamera za fuli fremu zina sensa ya milimita 36 kwa 24, sawa na kipande kimoja cha filamu ya zamani. Kamera yangu, Canon 600D ya mkono wa pili, ina sensa ya kama milimita 22 kwa 15. Lenzi inamwaga mwanga uleule, ila sensa ndogo inadaka katikati tu na kuacha pembeni, ndiyo maana tunaiita kropu. Kwa Canon za aina hii unazidisha kwa 1.6, kwa Nikon kwa 1.5. Kwa hiyo lenzi ya 17 ambayo kwa fuli fremu inaona digrii 93, kwangu inakuwa kama 27, inaona digrii 66. Hiyo ni karibu sawa na ile ya 18 niliyokuwa nayo tayari.

Hiyo hesabu nilimfanyia jamaa mmoja anayeuza kamera za mtumba jijini, gorofa ya pili, kwenye kaduka kasichozidi kitanda. Hakutaka kuisikia. Alishanitolea Canon ya 17-40, ile yenye mkanda mwekundu mbele, ameishika kama mtoto mchanga. “Buda, chukua hii. Hiyo kropu utaiacha. Siku ukipanda fuli fremu unahama nayo. Hizo lenzi zingine utakuja kuziuza kwa hasara.”

Simlaumu. Ni ushauri utakaoupata kwa wapiga picha wengi, na wenye nia njema. Nunua lenzi ya kamera utakayokuwa nayo, si ya hii uliyo nayo. Lakini mimi niliacha chuo mwaka wa pili, nikisomea upimaji ardhi, karo ilipomlemea mama, na lugha hiyo naijua vizuri. Nimeisikia kwa wajomba, kwa walimu, na kanisani. Vumilia sasa, itakufaa mbele. Wakati mwingine inafaa kweli, siwezi kubisha. Ila mama alikuwa na wiki sita, na mimi nilikuwa na 22,000 kwenye M-Pesa, malipo ya miezi mitatu ya kuandikia tovuti moja makala kuhusu magodoro. (Uliza swali lolote kuhusu magodoro. Lolote.) Lenzi ya mtu nitakayekuwa ingempa mama picha ya nusu chumba.

Halafu hiyo kesho yenyewe ina tabia ya kubadilisha mdomo. Mdomo ni pale lenzi inapojifunga kwenye kamera. Mwaka 1987 Canon ilileta mdomo mpya wa EF, na waliokuwa wamejaza kabati lenzi za FD wakakuta haziingii kwenye kamera mpya. Mwaka 2018 ikaja EOS R, isiyo na kioo ndani, ikiwa na mdomo mwingine tena, RF. Safari hii angalau kuna adapta, na cha kuchekesha ni kwamba adapta hiyo hupokea lenzi za EF pamoja na zile za kropu tulizoambiwa ni hasara. Ukiiweka ya kropu kwenye R ya fuli fremu, kamera inakata picha yenyewe. Ukiiweka kwenye R ya kropu, unapiga kama kawaida.

Kwa DSLR za Canon, sheria ni rahisi na imechorwa kwenye lenzi. Kidoto chekundu maana yake EF, inaingia kwenye DSLR yoyote ya EOS. Kimraba cheupe maana yake EF-S, ni ya kropu tu, kuanzia 300D ya mwaka 2003. Kamera yangu ina alama zote mbili, kwa hiyo inakula zote. Fuli fremu ina kidoto tu. Si roho mbaya. Lenzi ya EF-S huingia ndani zaidi upande wa nyuma, na kioo kikubwa cha fuli fremu kingeweza kuigonga kikiinuka. Kampuni nyingine kama Tokina hazina hicho kizuizi. Tokina ya 11-16 ni ya kropu lakini inaingia hata kwenye fuli fremu ya Canon, ila utapata duara jeusi pembeni hadi uvute karibu na 16.

Rafiki yangu wa Nikon ana maisha magumu zaidi. Mdomo wa F wa Nikon ulianza mwaka 1959, na watu wa Nikon hupenda kukukumbusha. Sawa, lakini lenzi kuingia si lenzi kufanya kazi. Yeye ana D3100, ambayo haina mota ya kuzungusha fokasi ndani ya kamera, kwa hiyo mota lazima iwe ndani ya lenzi. Tokina 11-16 ya kwanza ya Nikon haina mota. Ya pili ndiyo inayo. Na ile Nikon nzuri ya bei poa, AF-P 10-20 ya mwaka 2017, inayo mota, lakini ya aina ambayo D3100 haiielewi. Unaifunga, inalia klik, inakaa fiti kabisa, na haifokasi. Hata ukizungusha pete kwa mkono hakuna kitu, kwa sababu pete hiyo haisukumi vioo moja kwa moja, inapeleka amri ya umeme, na kamera haina cha kuijibu. Nilimwambia achukue Tokina ya zamani afokasi kwa mkono. Kwa lenzi pana si kazi. Ukiwa 11 kwenye f/8, fokasi ikiwa sentimita 80 mbele yako, kila kitu kuanzia sentimita 40 hadi mwisho wa dunia kinaonekana safi vya kutosha.

Kwangu mimi ilibaki Tokina hiyohiyo au Canon EF-S 10-18 ya mwaka 2014. Tokina kwenye 11 inaona kama digrii 91, inapita mtihani kwa alama moja. Canon kwenye 10 inaona 96. Lakini Tokina ni f/2.8 na Canon inaanzia f/4.5, maana yake Tokina inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili. Na hilo lilinisumbua, kwa sababu namba sita ina dirisha moja, linatazama ua, na mbele ya dirisha kuna kamba ya nguo za majirani. Mchana ni giza la saa kumi na mbili jioni. Canon nayo ina kitulizo cha mtikisiko, ambacho kinatuliza mkono wako lakini hakiwezi kumtuliza mtoto. Tokina pia ina uzito wa zaidi ya mara mbili, na bei yake ilikuwa juu zaidi. Nikapiga hesabu ya mtu maskini: glopu kubwa na stuli ya kuwekea kamera ni rahisi kuliko f/2.8.

Nilipata ya 10-18 kwa 19,500. Ukienda kununua lenzi ya mtumba beba kamera yako, usiamini ya dukani. Washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, uangalie kwa mbele. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui, na lenzi iliyokaa pwani kwenye unyevu huipata upesi. Zungusha pete zote. Piga ukuta mweupe, angalia kona nne kama zote ziko sawa. Muuzaji mwema hatakukasirikia. Akikasirika, toka.

Tulipiga Jumapili, ndugu zangu wote wakiwepo. Kwanza niliwatoa nje wote nikapiga chumba peke yake. Kona ya mlango, milimita 10, kamera juu ya stuli, usawa wa kifua, imelala sawa kabisa, kwa sababu lenzi pana ukiiinamisha kidogo tu kuta zinaegemeana kama walevi. Yote iliingia. Kitanda, kabati la vyombo, meza yenye televisheni, shiti, jiko, mtungi wa maji, kalenda ya mwaka juzi. Nikampa mama skrini, nikangoja.

Alitazama muda mrefu. “Hii ni ya nani?”

“Si ni hapa, mama.”

“Hii ni kubwa. Watu wakiona hii wataniuliza nilikuwa nalalamikia nini.”

Na alikuwa amesema kweli. Lenzi pana huvuta kilicho karibu na kukisukuma mbali kilicho nyuma. Mtungi ulio hatua mbili kutoka kwangu ulionekana ng'ambo ya barabara. Mabroka wa nyumba wanaijua hiyo mbinu. Unaona bedsita mtandaoni, Roysambu, uwanja mtupu, unafika unakuta mlango ukifunguka unagonga kitanda. Lenzi haikuwa imeongeza hata futi moja, lakini macho ya mama hayakuwa tayari kukubali.

Nikawaita wote warudi ndani. Kakangu mrefu nilimwondoa pembeni haraka, kwa sababu pembeni pa lenzi hii kichwa hugeuka papai. Pembeni nikaweka ndoo na kabati, ndoo haina sura ya kuharibika. Watu katikati: mama kitandani, dada na mtoto wake miguuni, kakangu kwenye stuli kati ya meza na jiko, kwa vile pale ndipo alipolala hadi akamaliza kidato cha nne. Nikavuta hadi 14. Sasa lenzi iliona digrii 77, na kalenda ikakatwa, na nusu ya kabati pia. Goti la dada liligusa meza. Kisigino cha kaka kiligusa jiko. Mtoto hakuwa na pa kwenda ila mapajani.

Hiyo ndiyo mama alichukua. Nilimkumbusha kwamba alitaka yote. “Hii ndio yote,” akasema, akaniambia nichapishe mbili, moja yake, moja ya dada.

Jumatatu majirani wakaanza kubisha. Wiki hiyo nilipiga vyumba saba. Vitatu vilikuwa vimeshahamwa. Wengi walitaka kama ya mama, watu wakiwa ndani, wamebanana. Mzee wa namba tisa alikataa. Aliketi nje kwenye ua akaniambia nipige chumba chake kitupu, na nihakikishe kinaonekana kikubwa, kwa sababu anawatumia watoto wake Busia. Nikarudisha lenzi kwenye 10, nikasogeza kitanda chake ukutani, nikabana mgongo kwenye kona.