Neno na Ngeli Yake

Sheria ya Texas haimdai mzazi mengi. Tangu Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipotoa uamuzi katika shauri la Leeper, mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule ya binafsi. Mzazi atakiwa tu kufundisha kwa nia njema, kwa mtaala unaoonekana, mambo matano: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakuna mkaguzi abishaye hodi. Uhuru huo ni mpana kiasi cha kutisha, na ndani yake limestawi soko kubwa la vitabu, ambalo sehemu yake iliyo kongwe na yenye nguvu ni ya Kikristo.

Mimi na mume wangu hatukuingia sokoni humo kwa kuikimbia shule ya serikali. Ilikuwa shule njema. Ila zamu zetu za kazi na ratiba yake vilituachia saa moja tu kwa siku na binti yetu, na alipofika miaka minane alikuwa akijibu kila neno la Kiswahili kwa Kiingereza. Baba Yetu aliijua kwa Kiingereza tu. Babu yake wa Masasi alipotaka wasali pamoja kwa simu, alinyamaza, na mzee naye akanyamaza.

Mitaala ni mingi, na kila mmoja una nadharia yake ya mtoto ni nani. Abeka, iliyoanza Pensacola, Florida, mwaka 1972, humpa mzazi kila kitu: somo la kila siku, zoezi, mtihani na jibu lake. Accelerated Christian Education hugawa kila somo katika vijitabu kumi na viwili kwa mwaka, na mtoto huvimaliza kwa mwendo wake mwenyewe, karibu bila mwalimu. Kuna wanaomfuata Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, ambaye alitaka mtoto asome kitabu kizuri mara moja tu, kisha akisimulie kwa maneno yake. Huyo nilimpenda mara moja. Kwetu kusimulia ni elimu tangu kabla ya kalamu.

Tulijiunga kwanza na chama cha wazazi wanaofundisha kwa zamu. Tulipewa tamko la imani tulitie sahihi. Ibara moja ilisema ubatizo ni wa waumini waliokwisha kukiri wenyewe. Sisi ni Waanglikana; tulibatizwa tukiwa mikononi mwa wasimamizi wetu. Tulirudisha karatasi bila sahihi, tukaagana vizuri.

Kisha vikaja vitabu vya historia ya Kanisa. Katika kimoja, Afrika ilianza kuwapo siku Livingstone aliposhuka melini. Waliouchukua mwili wake kutoka Chitambo hadi Bagamoyo, safari ya miezi mingi kwa miguu, waliitwa “watumishi waaminifu”, basi. Chuma na Susi wana majina, na majina hayo hayakuwa siri wakati wowote. Wala hapakuwa na mstari juu ya Cecil Majaliwa, mtoto aliyekombolewa utumwani, akasoma Kiungani, Unguja, akapewa daraja la upadri mwaka 1890 na kutumika upande wa Ruvuma. Babu wa binti yangu hulitaja jina hilo kama wengine watajavyo ukoo wao. Sikukitupa kitabu. Nilimpa binti yangu penseli aandike majina pembeni.

Lakini lililoniamulia mtaala ni Kilatini. Wafuasi wa elimu ya kale, ambao wengi hurejea mhadhara alioutoa Dorothy Sayers huko Oxford mwaka 1947, huweka Kilatini katika msingi. Hoja yao ni kwamba lugha yenye minyambuliko na upatanisho humzoesha mtoto kuona jinsi sehemu za sentensi zinavyoshikana. Hoja hiyo naikubali yote. Nikajiuliza kwa nini niinunue kwa dola, hali nyumbani nina lugha ambayo mtu hawezi kusema kuwa kitabu chake kizuri kimepotea bila ya kupatanisha maneno yote na nomino moja. Mahali palipoandikwa Kilatini kwenye ratiba nikaandika Kiswahili, saa moja kila asubuhi, na kitabu chetu cha kusomea kikawa Biblia ya Muungano, ile ya mwaka 1952.

Tulipofika Injili ya Yohana alikuwa na miaka kumi. Alisimama kwenye aya ya kwanza, akaniambia wamekosea: Neno ni la ngeli ya *li-* na *ya-*, mbona kitenzi chake kina *a-*? Nikamwuliza ni maneno gani mengine hufanya hivyo. Akafikiri. Kijana, kipofu, kiongozi, kifaru: umbo lake ni la vitu, lakini kwa kuwa ni viumbe hai hupewa *a-*. “Kwa hiyo Neno ni kama kifaru?” Nikamwambia ndiyo, katika jambo hilo moja.

Nimelitafakari swali lake tangu siku ile. Katika Kigiriki *logos* ni nomino ya kiume kwa vyovyote vile, ikiwa ni ya Mungu au ya muuza samaki. Upatanisho wake haumfunulii msomaji lolote. Kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki. Wafasiri wa Kiswahili ndio waliolazimika kuchagua kati ya silabi mbili, na kwa kuchagua *a-* walikiri kabla ya aya kwisha kwamba wanayemtaja ni nafsi hai. Sijaona mtaala unaoufundisha ukurasa huo.

Hisabati tunatumia Saxon, na sayansi bado tunabishana, kwa kuwa vitabu vya Abeka huhesabu umri wa dunia kwa miaka elfu chache na mume wangu ni mtu wa maabara. Wiki hii binti amehamia kwa Roho: kwa nini roho yangu ni *yangu*, na Roho ni *Mtakatifu*? Amemwandalia babu yake swali hilo kwa ajili ya simu ya Jumapili.