Mama Mwalimu wa Nyarugusu, bila mshahara

Kambi ya Nyarugusu iko wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma, inchini Tanzania. Tangu mwaka 1996 inapokea Wakongomani, wengi wao watu wa Kivu Kusini waliovuka ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Humo kuna mama mmoja wa Baraka anayefundisha watoto wa miaka 3 hadi 5. Watoto wanamwita Mama Mwalimu, na wazazi wao vilevile. Hana mshahara. Walimu wa shule ya msingi kambini hupata posho ndogo, lakini darasa lake lilianzishwa na wazazi wenyewe, na kwa darasa kama hilo hakuna posho.

Kujitolea hakukuanzia ugenini. Kwao Baraka, akiwa na D6 yake ya ualimu, alifundisha miaka mitatu kama nouvelle unité, yaani mwalimu anayeshika chaki kila asubuhi na serikali haijamwingiza kwenye orodha ya malipo. Wazazi ndio waliomtunza. Kwa hiyo alipofika Nyarugusu na kuombwa awakusanye watoto waliokuwa wakizurura kwenye foleni za maji, hakushangaa kusikia kwamba pesa hakuna. Aliuliza tu mikeka ni mingapi.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Shule za Wakongomani kambini zinafuata programu ya Kongo, na programu hiyo ni ya Kifaransa. Wazazi walitaka mtoto wa miaka minne arudi nyumbani akisema bonjour na kuhesabu un, deux, trois. Yeye akaanza na Kiswahili. Baba mmoja akaja na hasira: « Mama Mwalimu, Kiswahili mtoto anacho nyumbani, wewe unamuongezea nini? »

Yule mama alikuwa na jibu. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014, hata kama inakiweka Kifaransa mbele, inasema lugha za taifa na za mazingira zitumike pia kufundishia, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Lakini hakumtajia yule baba sheria. Alimwalika akae nyuma asikilize.

Siku hiyo walikuwa wakitaja mboga. Watoto waliozaliwa kambini na kusikia Kiswahili cha Kigoma walisema kisamvu na mchicha, na waliofika karibuni kutoka Fizi wakasema sombe na lengalenga. Wakaanza kubishana, wakacheka, na mtoto mmoja aliyekuwa hajafungua kinywa wiki nzima akapiga kelele: « Sombe! » Mwalimu akaandika majina yote ubaoni. Kifaransa kilikuja baadaye, kwa nyimbo na hesabu, watoto wakiwa wameshazoea kuinua mkono bila woga. Yule baba hakusema kwamba ameshindwa, ila kesho yake alileta ubao wa pili, wa mbao za kreti.

Shida kubwa zaidi ni njaa. Mwaka 2023 mgao wa chakula ulipopunguzwa, watoto walianza kusinzia kabla ya saa nne, na wengine hawakuja tena. Mume wake akamwambia waziwazi: anayefundisha watoto wa wengine asisahau wake wanne. Ni neno la haki, na si mume huyo peke yake anayelisema kambini. Anayedhani kujitolea ni kazi ya walioshiba hajamuona mama huyu akikaanga mandazi usiku ili ayauze kabla ya darasa.

Walikubaliana hivi: masomo yaanze saa mbili na kuisha saa nne unusu badala ya saa sita, na wazazi wenye uwezo watoe kikombe cha maharagi kila mwezi. Baadhi wanatoa. Wengi hawana.

Msichana mmoja aliyemaliza sekondari kambini sasa anamsaidia, naye bila malipo. Familia ya msichana huyo imeitwa kwenye mahojiano ya kupelekwa inchi ya tatu. Mama Mwalimu ameshaanza kuulizia mwingine, ingawa mikeka bado ni miwili na watoto wanapita hamsini.