Helikopta Iliyokaa Ikisubiri Moto

Samahani kwa kimya. Wiki mbili hizi nimekuwa nikilipia kosa langu mwenyewe. Diski ya mteja iliharibika, nami nikagundua kuwa programu ya kuweka nakala za akiba ilikuwa imekufa miezi mitatu iliyopita. Nilikuwa nimeahidi kuiangalia. Sikuiangalia.

Usiku mmoja, nikisubiri diski isomwe, nikajikuta nasoma habari za Kaman HH-43 Huskie, helikopta ya jeshi la anga la Marekani. Ina sura ya kuchekesha! Juu ina mapanga mawili makubwa yanayozunguka kinyume na kupishana kama vidole vya mikono miwili, kwa hiyo haihitaji panga la mkiani. Mjerumani Anton Flettner alishazirusha za namna hiyo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Gia ndizo zinazozuia mapanga yasigongane. Mwandishi yeyote wa programu anaijua hofu hiyo: kazi mbili, nafasi moja. Tena mwaka 1951 kampuni hiyo ya Charles Kaman ndiyo iliyorusha helikopta ya kwanza duniani yenye injini ya tabo, K-225.

Lakini kilichonigusa ni kazi yake. Huskie ilikaa kando ya uwanja wa ndege, tayari. Ndege ikianguka na kuwaka, iliruka na tangi la povu likining'inia chini yake, ikawashusha wazima moto, kisha ikaelea juu yao. Upepo wa mapanga ulisukuma ndimi za moto pembeni, wakapata njia ya kumfikia rubani.

Huko Vietnam ilifuata majeruhi hadi msituni. Tarehe 11 Aprili 1966, William Pitsenbarger, kijana wa miaka 21, alishushwa kwa waya kutoka Huskie. Majeruhi tisa walipandishwa. Risasi zilipozidi helikopta ikalazimika kuondoka, yeye akabaki na waliosalia. Aliuawa jioni hiyo. Mwaka 2000 alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya kijeshi ya Marekani.

Siku nyingi mashine ile ilionekana haina kazi. Kumbe kukaa tayari ndiyo kazi yenyewe.

Nimemweleza mteja ukweli. Data ya wiki tano haikurudi. Sasa kila Ijumaa narudisha nakala nzima kwenye kompyuta nyingine, nione kama inafunguka. Na wewe je, yako uliijaribu lini?