Sinia Moja na Mavyaa

Mama wa Mombasa akinyimwa wali na daktari kwa ajili ya sukari, kilicho kigumu si njaa, ni kupakuliwa kando, mbali na sinia ya wenziwe. Basi tangu mavyaa aje kwetu Pipeline, sote twala chake. Sufuriani napanga mabiringani yaliyokaangwa kwa mafuta machache, kima chenye kitunguu thomu na bizari, kisha namimina mayai yaliyopigwa kwa tui zito. Oveni hatuna; napalia makaa juu ya kifuniko na chini, huko roshani, kwani hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua. Chakula kikishikana hukatwa vipande kama mkate. Watoto waliulilia wali siku ya kwanza tu. Mavyaa hulalamikia pilipili: chache mno, asema, kwa chakula cha watu wa pwani.