Goma: Vitufe vitatu vilivyohamia kushoto

Goma, Kivu Kaskazini. Kijana mmoja aliyekimbia vita huko Masisi aliingia mjini na kompyuta ya zamani iliyofungwa ndani ya kitenge cha mama yake. Njiani ilianguka. Iliwaka bado, lakini upande wa kuume wa kioo ulibaki mweusi, upana wa vidole vitatu.

Kompyuta hiyo inatumia Ubuntu, mfumo wa bure wa Linux. Vitufe vya kushusha dirisha, kulikuza na kulifunga hukaa juu, upande wa kuume. Yaani ndani ya giza lile.

Kazi yake ni kuwachapia watu barua na orodha. Siku moja mama mmoja alimtajia majina ya watoto wake. Kijana alitaka kushusha dirisha, akapapasa, akagusa kitufe cha kufunga. Swali la kuhifadhi likatokea, naye kwa haraka akajibu hapana. Yote yakapotea. Mama akaanza upya, jina kwa jina, hata la yule ambaye hajaonekana tangu siku ya kukimbia. Kijana alikosa pa kuweka uso.

Bei ya kioo kipya ilimshinda. Lakini rafiki yake alimwonyesha kwamba vitufe vinahamishika, bila kununua hata mega moja. Alifungua terminali, akaandika mstari huu:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout 'close,minimize,maximize:'

Siri iko kwenye nukta mbili. Kilichoandikwa kabla yake hukaa kushoto, kinachofuata hukaa kuume. Mwenye kutaka kurudia mpangilio wa mwanzo huandika:

gsettings reset org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout

Hata waundaji wa Ubuntu walihamisha vitufe hivyo: mwaka 2010, katika toleo la 10.04, walivipeleka kushoto na watumiaji wengi wakanung'unika. Mwaka 2017, toleo la 17.10 likavirudisha kuume.

Kwa kijana huyu haikuwa suala la mapendeleo. Wiki ya kwanza mkono wake uliendelea kukimbilia kuume, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba aliyoiacha. Sasa umezoea. Giza liko palepale kwenye kioo, ila hakuna anachohitaji kutafuta humo. Na kila jina linalotajwa, analihifadhi kwanza kabla ya kuuliza linalofuata.